Pua ya Kuazima

Jumatano, 4 Juni 2025

Siku mbaya. Lakini ilianza vizuri.

Bia ya laga niliyoagiza kutoka Arusha imefika kwa basi, chupa tatu ndani ya boksi la biskuti. Moja imepasuka. Konda anasema ilikuwa nzima mpaka Kidatu, baada ya hapo yeye hajui. Ya pili imemwagika ndani ya boksi. Ya tatu nzima kabisa! Nikaiweka kwenye friji ya mteja ambayo ndiyo kwanza nimemaliza kuitengeneza, nikaiacha ipoe taratibu. Hii ndiyo faida ya kuwa fundi friji. Wengine wanaonja bia ikiwa vuguvugu halafu wanajiita waonjaji. Sitaji jina. Obed.

Nikamimina. Rangi ya dhahabu, povu zuri lisilo na haraka. Nikaingiza pua kwenye glasi. Hakuna kitu. Nikavuta kwa nguvu mpaka povu likaingia puani. Hakuna kitu! Tangu yale mafua ya Kwaresma pua yangu ipo usoni kwa ajili ya kushikilia miwani tu. Sijamwambia mtu. Fundi friji asiyenusa anaweza kuishi. Lakini mimi pia ndiye mwenye ukurasa wa "Ulimi wa Kilombero", ninayewaeleza watu kuhusu laga na pilsna za viwanda vidogo, zile zinazopikwa mapipa machache kwa uangalifu. Mwonjaji asiyenusa ni aibu tupu.

Nikaandika hivyo hivyo. Harufu ya ganda la chungwa, mwisho laini, alama tisa kwa kumi. Nikabandika. Kisha nikampelekea Rosemery mwenye baa glasi iliyobaki, aone namna ninavyofanya kazi. Akainusa ikiwa bado iko mkononi mwangu. Akasema hii ni siki. Nikamweleza kwamba huko Ulaya kuna mitindo ya uchachu. Akasema vizuri, siku akiishiwa ndimu za kachumbari ataniita. Wateja wake wakacheka. Mmoja hata hanijui.

Jioni Obed, kinyozi wa stendi na mwenye ukurasa wa "Povu na Obed", ameandika chini ya bandiko langu: "Pole kaka." Maneno mawili. Yamependwa kuliko bandiko lenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Wazo!

Nyamizi, mke wangu, ni mjamzito, na tangu mimba iingie hakuna kinachopita mtaani bila yeye kukinusa. Juzi akiwa kitandani alijua mama Herieth wa jirani amebadilisha sabuni. Ovaroli yangu sasa inalala nje. Wiki iliyopita alisema kuna panya amekufa. Nikabisha. Panya akapatikana, kwenye dari ya nyumba ya tatu! Pua kama hiyo inakaa hapa nyumbani inapoteza muda na panya.

Tatizo: hatakubali. Anasema mambo ya kuonja bia ni utoto. Kwa hiyo nimetumia akili. Nimeweka glasi ya pilsna kwenye friji ya mteja, nyuma ya ndoo, nikafunga mlango. Baadaye nikamwita. Nikasema mteja analalamika friji yake ina harufu, na mimi kwa sababu ya kazi nimeshazoea, je, yeye anasikia nini? Kalamu nikaificha mfukoni.

Akafungua mlango, akafumba macho. Akasema anasikia mkate uliofungwa kwenye mfuko ungali wa moto. Na majani yaliyofyekwa asubuhi. Halafu akatabasamu, akasema udongo. Ule wa kichuguu ukidondokewa na mvua ya kwanza. Akauliza kama mteja anaiuza hiyo friji. Kisha akaenda kuchukua kile kipande cha udongo wanachouziwa wajawazito sokoni, akakitafuna chote amesimama pale pale mbele ya friji.

Nimeandika neno kwa neno. Alama kumi kwa kumi.

Jumamosi, 7 Juni

Wamesoma! Wanashirikishana! Mwalimu mmoja wa Mlimba anasema hajawahi kuona bia ikielezwa namna hiyo. Wanawake kadhaa wanauliza huo udongo unapatikana duka gani.

Na jambo kubwa: Careen amenipigia simu mwenyewe. Careen ndiye aliyefungua kiwanda cha bia pale Kibaoni, nyuma ya mashine ya kukoboa, baada ya kusomea kazi hiyo Ujerumani. Pilsna niliyoisifia ni yake. Anasema yale maua anayotia ili kuleta uchungu kweli yana harufu ya udongo, na katika bonde hili lote hakuna aliyeitambua isipokuwa mimi. Nikajibu kwa utulivu kwamba ni kitu cha kuzaliwa nacho.

Jumamosi ijayo anazindua laga mpya iliyopikwa kwa mchele wa huku kwetu. Anatafuta mwonjaji wa kiwanda. Na jina la huyo mwonjaji litachapwa kwenye kila chupa! Ana watu wawili kichwani, mimi na Obed. Tutaonja hadharani, glasi tatu zisizo na alama, moja ndiyo ya mchele. Atakayeitambua ndiye.

Nimekaa uani nikilitamka. "Imeonjwa na Deus Ngwila." Linakaa vizuri mdomoni. Maisha yangu yote jina langu limeandikwa kwa chaki tu, kwenye migongo ya friji za watu ili zisichanganyike.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Nimekamatwa.

Baada ya Misa niliweka glasi nyingine kwenye friji, nikamwita Nyamizi. Hakunusa. Akauliza kwa nini siku hizi kila friji ya mteja inakunywa bia. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza, kwamba anajua pua yangu haifanyi kazi tangu Kwaresma. Siku ile dada yake Leticia alipokuja amejipulizia manukato mapya ya harusini, mimi nilimuuliza kama ametoka kuosha vyombo.

Nikakosa pa kukimbilia. Nikasema ukweli. Kwamba mavuno yametoka, mchele mpya uko jikoni kwa kila mtu, mtaa mzima unanukia, wote wanasema, na mimi napita katikati kama mgeni asiyejua lugha. Kwamba naogopa mtoto atazaliwa, watu watambeba mmoja mmoja na kusema jamani anavyonukia utoto, na mimi nitakuwa nimebeba kanga tu. Sikupanga kuyasema hayo. Yametoka yenyewe.

Nyamizi akaushika mkono wangu akauweka tumboni kwake.  Kisha akasema ataniazima pua yake siku ya uzinduzi, mara moja tu, kwa sharti moja: Jumatatu inayofuata niende hospitali nikapimwe. Nikaapa papo hapo. Labda niliapa haraka mno, kwa sababu alinitazama kwa muda kabla ya kuuachia mkono wangu.

Jumanne, 10 Juni

Siku nzima ya mipango. Friji mbili hazijaguswa.

Nyamizi atakaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha pembeni. Glasi zitaletwa moja moja kwenye sinia, na lazima zipite hapo zikija mezani. Kwa pua yake hiyo inatosha. Swali likawa ishara. Kukohoa? Hapana, msimu huu wa vumbi la pumba kila mtu anakohoa. Kujikuna kichwa? Akauliza kikimwasha kweli itakuwaje. Kupiga miayo? Mjamzito anapiga miayo hata akiwa analala.

Mwishowe nikaipata! Kupiga goti. Glasi ya mchele ikipita, ashuke chini kana kwamba anafunga ukanda wa kiatu. Inaonekana hata ukiwa mbali, na hakuna mtu anayepiga magoti ovyo kwenye uzinduzi wa bia.

Nyamizi akaanza kusema kwamba huo mchele wa Careen umetoka Mchombe, tena kwa baba yake, na kwamba baba yake... Nikamkatisha. Nikamwambia asinivurugie, mpango ukiwa na maneno mengi unaharibika. Akachukua udongo wake.

Obed amebandika picha akiwa amevaa koti jeupe la maabara, ananusa kizibo. Kizibo! Watu wamemwita daktari.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kunyolewa kwa Obed. Sababu: upelelezi.

Hakusema kitu cha maana. Alinyoa tu, anajiona. Mwisho akanipaka spiriti kidevuni, akauliza kama harufu yake imekolea. Nikasema imekolea sana. Akasema naye anaona hivyo. Nilipofika nyumbani ndipo nikashangaa kwamba kidevu hakikuwasha hata kidogo. Nyamizi akanusa akasema ni maji. Kinyozi gani huyo asiyejua chupa zake!

Ushindi wangu Jumamosi utakuwa huduma kwa jamii.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika huku nimejifunga taulo. Nitaeleza kwa nini.

Turubai, viti, muziki wa kiasi, watu wamejaa. Nimevaa shati la harusi yangu. Obed na koti lake. Nyamizi kwenye kiti chake cha pembeni, mrembo, ametulia.  Mezani palikuwa na chupa moja ya mfano, na sehemu ya jina la mwonjaji imeachwa wazi. Niliiona. Nilitaka niishike.

Careen akaeleza taratibu. Kura ikaangukia kwangu nianze.

Glasi ya kwanza ikapita. Nikaingiza pua, nikafumba macho kama mtaalamu, kisha nikachungulia kwa jicho moja. Nyamizi yuko chini! Magoti yote mawili! Nikafikiri: ametia bidii, Mungu ambariki. Nikainua glasi nikatangaza kwamba hii ndiyo yenyewe, hii ni ya mchele, sina haja ya nyingine. Makofi. Careen akatabasamu, akasema kaka Deus, utaratibu ni kuonja zote.

Sawa. Glasi ya pili. Nikachungulia. Yuko chini tena!

 Ningefanya nini? Kurudi nyuma ni aibu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hii nayo ni ya mchele, ila ni mchele wa shamba lingine. Minong'ono. Rosemery alikuwa mstari wa pili, ameshaweka kiganja mdomoni.

Glasi ya tatu. Nilimwomba Mungu. Nikachungulia. Chini!

Nikasema na hii pia. Mchele wa Namawala, nikaongeza, kwa usahihi.

Ndipo nikafungua macho yote mawili. Mbele ya Nyamizi amesimama baba mkwe, mzee Masalu, na kofia yake, amechelewa kufika kutoka Mchombe. Nyuma ya mzee kaka zake wawili, mmoja mmoja, kila mmoja anasubiri salamu yake. Na Nyamizi ni binti wa Kisukuma aliyelelewa vizuri. Mzee akifika, magoti chini, "Mwadila, baba." Akainuka. Mzee wa pili, magoti chini, "Mwadila, baba." Mjamzito wa watu! Na katikati ya salamu alikuwa ananikazia macho na kutikisa kichwa, nikadhani inzi wanamsumbua.

Halafu wazee wakageuka kuniangalia. Mimi, nimesimama mbele ya baba mkwe na glasi ya bia mkononi! Niliirudisha mgongoni kwa haraka. Nusu ikamwagikia koti jeupe la Obed, nusu ikaingia kwenye suruali yangu. Nikasema shikamoo nikiwa natiririka. Mzee Masalu akaitikia marahaba kwa heshima zote, macho yake akayapeleka kwenye turubai.

   Obed akaletewa zake. Alinusa kwa muda mrefu sana, akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi, akasema ya pili. Careen akawaeleza wageni kwamba ni kweli: ya kwanza ni pilsna yake ya siku zote, ya tatu bia ya kawaida ya dukani, aliiweka kama mtego. Makofi mpaka turubai likatikisika.

Jina lake ndilo litakalochapwa. Kila chupa. Nilipiga makofi pia, mtu asije akasema.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda Misa. Nilisema tumbo.

Baba mkwe alipita kuaga kabla ya kurudi Mchombe. Nikajificha chumbani mpaka Nyamizi akaja kunitoa. Mzee akasema ameupenda moyo wangu, maana mkwe anayeonja bia za watu wote na kusema zote ni za mchele ni mkwe asiyebagua. Nilimshukuru. Sijui kama alikuwa ananitania. Uso wa mzee Masalu hautoi habari.

Careen ametuma ujumbe. Anasema nisivunjike moyo, na kwamba chumba chake cha baridi kinapiga kelele, angependa fundi anayejua kazi. Fundi! Mimi nimekwenda kwake kama ulimi, ananirudisha kama bisibisi. Sijajibu. Nyamizi anasema nijibu leo leo, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko mtu yeyote Ifakara. Kisha akanikumbusha kesho ni siku gani.

Ninajua kesho ni siku gani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda hospitali. Hilo liandikwe.

Nilivaa kofia na barakoa. Nikakaa kwenye benchi la mwisho, nikatazama sakafu. Nilianza kujisikia vizuri, kweli. Nikawaza nikipona nitapita mtaani jioni wali ukipikwa, nitasimama tu barabarani kama mjinga, nivute. Nikamwaza mtoto. Nikasema moyoni, Deus, leo umefanya jambo la maana.

Akaja mtu mwenye kofia na barakoa akakaa karibu yangu. Nikaijua ile saa anayovaa akinyoa. Obed!

Tukasalimiana. Nikamwambia nimeitwa kuangalia friji ya dawa. Akatazama mikono yangu, sina hata bisibisi. Akasema yeye amekuja kumnyoa mgonjwa. Nikatazama mikono yake, hana hata wembe. Tukaongea kuhusu mvua, ambayo haipo. Nikampongeza kwa ushindi. Akasema asante, ila glasi ya pili ilikuwa ngumu kidogo, mtu asiye na uzoefu angeweza kudhani anabahatisha.

Nesi akatoa kichwa mlangoni akaita kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Wale wa pua, ingieni!"

Mimi nikatazama dari. Obed akatazama dari. Dari zuri, limepakwa rangi vizuri. Nesi akaita tena. Bibi mmoja akatuuliza, wanangu, si nyie mliokuwa mnaulizia chumba cha pua? Obed akasema mgonjwa wake yuko wodi nyingine. Nikasema friji yangu pia. Tukainuka pamoja, tukatembea pamoja mpaka nje, tukaagana kwa mikono miwili kama ndugu.

Sasa najua siri yake. Na yeye anajua kwamba najua. Na anajua ya kwangu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema. Hii kwa hesabu zangu ni sare.

Nyamizi nimemwambia daktari amenipima vizuri sana, akasema pua inarudi yenyewe, taratibu.

Jumatano, 18 Juni

Siku njema kuliko zote!

Kwanza, nimetengeneza chumba cha baridi cha Careen. Kimenyamaza kabisa. Alifurahi mpaka akasema nitakuwa fundi wake wa kudumu. Nimekubali, kwa sababu mtu akiwa ndani ya kiwanda anaonekana, na Obed hawezi kuwa na bahati kila siku.

Pili, na hili ndilo lenyewe: Namawala wanaandaa maonyesho ya mchele, wanatafuta hakimu wa harufu. Harufu tu! Mwenyekiti, bwana Evod, aliuliza kama namfahamu mtu mwenye pua ya kuaminika. Nikamwambia anazungumza naye. Amenishika mkono, jina langu limeshaingia kwenye tangazo. Zipo aina nyingi za mchele, lakini sina wasiwasi. Mama mkwe anakuja wiki ijayo kukaa na Nyamizi, na wote wanasema yeye kwa kunusa anamzidi binti yake mbali. Ishara safari hii haitakuwa goti. Atapiga kigelegele. Hakuna mtu anayepiga kigelegele ovyo kwenye maonyesho.

Nimerudi nyumbani naimba. Nyamizi alikuwa jikoni, sufuria iko mafigani, mfuniko juu. Akaniuliza pua inaendeleaje. Nikamwambia inarudi kwa kasi, hata daktari angeshangaa. Akasema Mungu mkubwa, basi nimsaidie, wali umeiva au bado? Nikainama, nikavuta pumzi ndefu, nikafumba macho. Nikamwambia umeiva vizuri, unanukia iliki na tui la nazi, na kwa mbali kabisa mkate wa moto.

Akafunua mfuniko. Sufuria ilikuwa tupu, kavu, na chini yake hapakuwa na moto.

 Alinitazama kwa ule upole wake, akatoka akaenda kukaa uani, na nilipochungulia nikaona mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa anacheka. Nilitamani kumwendea nikamwambia kweli, nilitamani sana, hata nikafika mlangoni.

Lakini nimepata funzo kubwa leo na naliandika hapa nisilisahau: kabla ya kunusa sufuria yoyote, kwanza iguse kama ina joto.